Kuhifadhi haidrojeni: kichocheo kinaweza nini, na hakiwezi nini

Ukiutikisa mtungi wa gesi ya kupikia, uwe ule mdogo wa kilo 6 au ule wa kilo 15, utasikia kimiminika kikicheza ndani. Gesi ile, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, hukubali kugeuka kimiminika katika joto la kawaida la Moshi au Arusha mradi ibanwe kwa shinikizo la kiasi tu, na ndiyo maana mapishi ya wiki kadhaa yanaweza kubebwa nyuma ya bodaboda. Haidrojeni haina tabia hiyo. Joto lake likishapanda juu ya nyuzi 240 chini ya sifuri, hakuna shinikizo litakaloigeuza kimiminika. Utaibana mara 100, utaibana mara 1,000, nayo itabaki gesi inayotafuta upenyo wa kutokea. Kutokana na tabia hiyo moja limezuka tawi zima la sayansi ya maada, na wapo watafiti walioingia humo wakiwa wanafunzi wa uzamili na kustaafu wakiwa humo humo. Makala hii inajaribu kufafanua wanachokitafuta, kwa sababu habari za "kichocheo kipya cha haidrojeni" zinazotufikia mara kwa mara huchanganya mambo matatu yaliyo tofauti: wingi wa haidrojeni inayohifadhika, nguvu inayoishikilia, na kasi yake ya kuingia na kutoka.

Tuanze na hesabu. Kilo 1 ya haidrojeni ina nishati ya megajouli 120, ilhali kilo 1 ya petroli ina kama 44. Kwa uzito, basi, haidrojeni inaishinda petroli karibu mara tatu. Kwa nafasi mambo ni kinyume: kilo hiyo moja ikiachwa katika shinikizo na joto la kawaida hujaza mita za ujazo zipatazo 12. Gari linaloendeshwa kwa seli za haidrojeni, yaani vifaa vinavyoigeuza gesi hiyo kuwa umeme, huhitaji kama kilo 5 ili liende kilomita 500 hivi, safari ya kutoka Arusha hadi Dodoma na akiba kidogo juu yake. Kilo hizo 5 ni mita za ujazo 60, yaani sebule nzima yenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na dari ya mita 3. Magari yaliyoko sokoni hivi sasa huibana gesi hiyo kwa shinikizo mara 700 ya lile la hewa na kuitia katika matangi mazito ya nyuzi za kaboni, na hata hapo kilo 5 huchukua lita zipatazo 125 bila kuhesabu unene wa tangi lenyewe. Njia nyingine ni kuipoza hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, kama alivyofanya James Dewar kwa mara ya kwanza huko London mwaka 1898, lakini upoozaji huo hula karibu theluthi moja ya nishati iliyomo ndani ya haidrojeni yenyewe. Inabaki njia ya tatu, ambayo ni kuificha gesi ndani ya kitu kigumu.

Wazo hilo si geni kama linavyosikika. Mtungi wa asetilini anaoutumia fundi wa kuchomelea kule Unga Limited si chombo kitupu kilichojazwa gesi. Asetilini ikibanwa peke yake huweza kulipuka, hivyo mtungi hujazwa kwanza kitu kigumu chenye vitundu vingi, vitundu hivyo hulowekwa asetoni, na gesi huyeyuka ndani yake ikatulia hadi fundi atakapofungua valvu. Msweden Gustaf Dalén, aliyeshughulika na mitungi ya aina hiyo kwa ajili ya taa za minara ya baharini, alitunukiwa Nobel ya Fizikia mwaka 1912 kwa vidhibiti vyake vya taa hizo, mwaka uleule alipopofushwa na mlipuko akiwa kazini. Nobel ya Kemia ya mwaka huohuo ilikwenda, pamoja na mwenzake, kwa Mfaransa Paul Sabatier, ambaye tutamrudia.

Kwa haidrojeni, kisa kilianza mapema zaidi. Mwaka 1866 Thomas Graham, Mskoti aliyekuwa pia msimamizi wa kiwanda cha sarafu cha Uingereza, aliona kwamba kipande cha paladiamu hunywa haidrojeni yenye ujazo mamia ya mara ya ujazo wa kipande chenyewe. Metali ile haikuwa na vitundu vya kuonekana. Kinachotokea ni kwamba molekuli ya haidrojeni, ambayo ni atomi mbili zilizoshikana, hutua juu ya uso wa metali na kupasuka, kisha kila atomi hupenya peke yake na kujibanza katika nafasi zilizoko kati ya atomi za metali. Zao la muungano huo huitwa haidraidi. Linalowashangaza wengi, na mimi lilinishangaza nilipolikuta mara ya kwanza, ni kwamba haidrojeni iliyojibanza hivyo huweza kusongamana kuliko ilivyo katika umbo lake la kimiminika: lita 1 ya haidrojeni kimiminika ina gramu 71 tu, wakati lita 1 ya haidraidi ya magnesiamu ina gramu zipatazo 110 za haidrojeni, na haihitaji ubaridi wowote.

Paladiamu ni ghali mno kuwa tangi la gari, na kwa karibu miaka mia moja jambo hilo lilibaki la maabara. Mwamko ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1960 katika maabara za Philips huko Eindhoven, Uholanzi, ambako watafiti waliokuwa wakitafuta sumaku bora waligundua kwamba baadhi ya aloi zao, yaani michanganyiko ya metali, zilikuwa zikinywa haidrojeni. Miongoni mwa aloi zilizofuata, ile ya lanthanamu na nikeli, atomi 1 ya kwanza kwa 5 za pili, ikawa kipenzi cha fani nzima. Hunywa haidrojeni ikiwa baridi kwa kuguswa tu, huitoa kwa shinikizo lililo kama maradufu ya lile la hewa, na inaweza kurudia zoezi hilo mara maelfu. Betri za kuchajika za nikeli na haidraidi, zilizoendesha magari ya kwanza ya Toyota Prius kuanzia mwaka 1997, ni watoto wa aloi za aina hiyo. Kasoro yake ni moja, nayo ni uzito. Haidrojeni ni asilimia 1.4 tu ya uzito wa aloi iliyoshiba, kwa hiyo kilo 5 za haidrojeni zinadai aloi ya kilo zaidi ya 350, sawa na kubeba watu watano wazima garini ambao hawashuki kamwe. Nyambizi za Ujerumani za aina ya 212 zinatumia hifadhi ya haidraidi za metali bila wasiwasi wowote, kwa kuwa nyambizi inahitaji kuwa nzito ili izame. Gari halina bahati hiyo.

Hapa ndipo mtafiti kijana anapoingia, na mawazo yake ya kwanza karibu daima ni yaleyale: tafuta metali nyepesi. Magnesiamu ni nyepesi, ni nyingi, ni rahisi, na haidraidi yake ina haidrojeni asilimia 7.6 ya uzito. Kilo 66 zingetosha kazi ya zile 350. Tatizo ni kwamba magnesiamu huishika haidrojeni kwa nguvu kupita kiasi, na ili tuelewe maana ya nguvu hiyo hatuna haja ya kwenda mbali zaidi ya mlima tunaouona kutoka dirishani.

Maji huchemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam, kwa nyuzi zipatazo 95 Arusha, na kwa nyuzi zisizofika 90 katika kituo cha Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, ambako wapagazi wanajua jinsi maharage yanavyogoma kuiva. Kila shinikizo lina joto lake la kuchemshia. Haidraidi nayo ina tabia ya namna hiyo: kwa kila kiwango cha joto kuna shinikizo moja ambalo chini yake haidrojeni hutoka na juu yake huingia. Linaloamua ni joto kiasi gani litahitajika ni nguvu ya ule mshiko, ambayo hupimwa kwa kilojouli kwa kila gramu 2 za haidrojeni, kiasi ambacho wanakemia hukiita moli 1. Kwa aloi ya lanthanamu na nikeli kipimo hicho ni kama 31, na ndiyo sababu inafanya kazi katika joto la chumbani. Kwa magnesiamu ni kama 75, na ili itoe haidrojeni kwa shinikizo la kawaida la hewa inabidi ipashwe moto hadi karibu nyuzi 280 au zaidi. Seli ya haidrojeni ya gari huendeshwa kwa nyuzi zipatazo 80. Tofauti iliyopo kati ya 80 na 280 ndiyo iliyokula miaka ya kazi ya watafiti wengi.

Sasa tufike kwenye kichocheo. Neno lenyewe lina bahati mbaya, kwa sababu magazeti yetu yameshalizoesha sikio kwamba uchochezi ni kosa la jinai. Katika kemia kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kumalizika, na jina lake la kimataifa lilitolewa na Jöns Jacob Berzelius mwaka 1835. Mama anayetia kijiko cha unga wa kimea cha ulezi ndani ya uji mzito ulio vuguvugu, akauona unalainika na kuwa mtamu baada ya dakika chache, ametumia kichocheo: vimeng'enya vilivyomo katika kimea hukata minyororo ya wanga, na kimeng'enya kimoja hukata mara nyingi mno kabla hakijachoka. Uji ule ungekaa siku nzima bila kulainika kwa namna hiyo kama kimea kisingetiwa.

Lakini kichocheo kina mpaka, na mpaka huo ndio kiini cha makala hii. Mtu wa Moshi anayekwenda Tarakea, upande wa pili wa mlima, hapandi Kibo na kushukia ng'ambo. Anapita Himo, Marangu, Mwika na Mkuu akiuzunguka mlima. Barabara ile imemwondolea mwinuko mkubwa wa katikati, imemfikisha mapema, lakini haikubadilisha hata mita moja ya urefu wa Moshi wala wa Tarakea kutoka usawa wa bahari. Kichocheo ni barabara ya namna hiyo. Hupunguza kizingiti kilichopo kati ya mwanzo na mwisho wa badiliko, lakini hakigusi tofauti ya nishati iliyopo kati ya ncha hizo mbili. Ile namba 75 ya magnesiamu inatokana na ncha hizo. Uweke nikeli, uweke titaniamu, uweke oksaidi ya niobiamu, uweke platinamu ukipenda na uwezo ukiwa nao, namba itabaki 75.

Kichocheo, basi, kinaisaidiaje magnesiamu? Kinaisaidia katika kasi, na msaada huo si mdogo. Magnesiamu ya kawaida, hata ikipashwa moto wa kutosha, hunywa haidrojeni kwa kusuasua, kwa sababu uso wake haupendi kuipasua molekuli na kwa sababu ganda la haidraidi linaloanza kujengeka nje huwafungia njia wanaofuata. Dawa iliyopatikana ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kusaga: unga hutiwa katika chombo pamoja na mipira ya chuma na kuzungushwa kwa saa nyingi, kwa namna ambayo mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyezoea karasha angeielewa papo hapo, hadi chembe ziwe ndogo kiasi kwamba atomi haina safari ndefu ya kufika katikati. Ya pili ni kuchanganya kichocheo kidogo wakati wa kusaga. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imeonyeshwa kwamba magnesiamu iliyosagwa pamoja na oksaidi ya niobiamu inaweza kujaa na kutoka kwa muda wa dakika chache. Hata hivyo dakika hizo zilipimwa kwenye nyuzi 300. Msomaji anapokutana na kichwa cha habari kisemacho kwamba kichocheo fulani "kimeshusha joto" la haidraidi ya magnesiamu hadi nyuzi 200, aulize haidrojeni ilikuwa ikitoka kuelekea wapi. Mara nyingi jibu ni kwamba ilikuwa ikitoka ndani ya ombwe au ndani ya mkondo wa agoni, gesi isiyoungana na kitu, unaoifagia kila inapochungulia, hali ambayo gari halina. Kilichoshuka ni joto ambalo kasi huanza kuonekana, ilhali joto la mizania, yaani lile ambalo kuingia na kutoka kwa haidrojeni hulingana kwa shinikizo fulani, liko palepale lilipokuwa.

Tena kasi yenyewe huzaa tatizo jipya ambalo watafiti wa vikombe vidogo vya maabara hawalioni hadi wakutane na wahandisi. Nishati inayohitajika kuitoa haidrojeni ndiyo hiyohiyo inayomwagika kama joto inapoingia. Kilo 5 ni moli 2,480 hivi; ukizidisha kwa kilojouli 75 unapata megajouli 186. Dereva akitaka kujaza tangi la magnesiamu kwa dakika 5, joto hilo litamwagika kwa kiwango cha kilowati 620, kama birika za umeme zaidi ya 300 za kilowati 2 zilizowashwa kwa pamoja chini ya kiti chake. Hata kwa aloi ya lanthanamu na nikeli hesabu inafika kilowati 250 na ushei. Joto hilo lisipoondolewa, unga hupanda moto, shinikizo la mizania nalo hupanda, na ujazaji husimama wenyewe hata kama kichocheo ni bora namna gani.

Kuna tukio moja ambalo kichocheo kilifanya jambo lililokuwa likidhaniwa haliwezekani, nalo linastahili kukaliwa kidogo. Katika mji wa Mülheim, Ujerumani, ipo taasisi ya Max Planck ya utafiti wa makaa ya mawe, ambako mwaka 1953 Karl Ziegler aligundua kwamba mchanganyiko wa titaniamu na alumini huweza kuunganisha gesi ya ethilini kuwa plastiki ngumu bila shinikizo kubwa. Dumu la maji la lita 20 lililoko nyuma ya karibu kila nyumba nchini ni mjukuu wa ugunduzi huo, uliompa Ziegler Nobel mwaka 1963. Mwaka 1997, katika taasisi hiyohiyo, Borislav Bogdanović na Manfred Schwickardi walichukua chumvi ya sodiamu, alumini na haidrojeni iliyokuwa ikijulikana kwa miaka mingi. Kila mtu alijua kwamba ikipashwa moto hutoa haidrojeni, asilimia 5.6 ya uzito wake kwa hatua mbili, na kila mtu alijua pia kwamba ikishatoa haikubali kuirudisha katika hali za kawaida. Walipoitia titaniamu kidogo, ikakubali, kwa joto na shinikizo la wastani.

Kanuni ya barabara ya Tarakea haikuvunjwa hapo. Ncha mbili za chumvi hiyo zilikuwa tangu mwanzo katika kimo kinachofaa, karibu kilojouli 37 kwa hatua ya kwanza; lililokosekana lilikuwa njia tu. Ndiyo tofauti yake na magnesiamu: kule njia ilijengwa ikafika kwenye mji usiofaa, huku mji ulifaa na njia ikajengwa. Baada ya mwaka huo fani ilifurika watu. Chumvi nyingine nyepesi zaidi zilichunguzwa, mojawapo ikiwa ile ya lithiamu na boroni yenye haidrojeni asilimia 18.5, namba inayotia uchu hadi unapoambiwa kwamba kuirudisha haidrojeni humo kunadai nyuzijoto za mamia na shinikizo zito.

Upande wa pili wa fani wako wale walioamua kutoipasua molekuli kabisa, bali kuinatisha nzima juu ya uso. Wenyeji wa Meru hawahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hili. Maji ya pande zetu yana floridi nyingi, mara kadhaa juu ya miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikiyasafisha kwa mkaa wa mifupa, ambao hunasa floridi juu ya uso wa vitundu vyake. Kwa haidrojeni hutumiwa mkaa ulioamilishwa, ambao huweza kutengenezwa kwa vifuu vya nazi, kwa maganda ya kahawa, hata kwa makapi ya miwa kama yale ya kiwanda cha sukari cha TPC, na ambao gramu 1 yake ina uso wa ndani wa mita za mraba 1,000 hadi 3,000. Zipo pia fuwele zenye fremu za metali na viungo vya kaboni, ambazo Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walitunukiwa kwazo Nobel ya Kemia mwaka 2025. Gramu 1 ya zilizo bora kabisa ina uso unaokaribia eneo la uwanja mzima wa mpira. Kasoro ya kundi hili ni kinyume cha ile ya magnesiamu. Mshiko ni dhaifu, kilojouli 10 au chini ya hapo, kwa hiyo haidrojeni hunata vizuri ikiwa tu kuna ubaridi wa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na hata hapo kanuni ya kidole gumba inasema kila mita za mraba 500 kwa gramu zinakupa kama asilimia 1 ya uzito. Kichocheo hakina kazi kubwa humu, kwa sababu hakuna kizingiti cha kushusha. Molekuli inaingia na kutoka kwa kasi tangu awali.

Fani hiyo ya kaboni iliwahi pia kujitia aibu. Mwaka 1998 ilichapishwa taarifa kwamba nyuzi nyembamba mno za kinywe (grafiti), madini yaleyale meusi yanayowapaka masizi vijana wa Mirerani wanapotafuta tanzanaiti, zilikuwa zimehifadhi haidrojeni hadi asilimia 67 ya uzito wote. Dunia ilisisimka, fedha zikamwagwa. Lakini mwanafunzi wa kidato cha tano mwenye kalamu angeweza kuitilia shaka taarifa hiyo kabla maabara hazijaanza kuijaribu: asilimia 67 ni gramu 2 za haidrojeni kwa kila gramu 1 ya kaboni, na kwa kuwa atomi ya kaboni ina uzito mara 12 wa ile ya haidrojeni, hiyo ni takriban atomi 24 za haidrojeni kwa kila atomi 1 ya kaboni. Methani, ambayo imeshiba haidrojeni kiasi ambacho kemia inaruhusu, ina 4. Maabara nyingine zilirudia kipimo hicho na hazikupata kitu cha kulingana nacho.

Kwa wanaochoshwa na uhifadhi, uchochezi una uwanja mpana zaidi nje yake, na watafiti wengi wa fani hii huishia kuwa na mguu mmoja kila upande, kwa sababu elimu ya uso wa metali ni ileile. Yule Sabatier wa mwaka 1912 alitunukiwa kwa kuonyesha jinsi nikeli iliyosagwa inavyounganisha haidrojeni na misombo mingine, njia ambayo baadaye iligeuza mafuta ya maji kuwa mafuta ya mgando jikoni. Kanuni inayobeba jina lake inasema kichocheo kizuri hakishiki kwa nguvu mno wala kwa ulegevu mno. Ukizipanga metali kwa nguvu ya mshiko wake dhidi ya kasi yake unapata umbo ambalo wataalamu wanaliita mchoro wa volkano, na msomaji anayeamka kila siku akiutazama Mlima Meru hahitaji kuchorewa. Kwa kazi ya kutoa haidrojeni kwenye maji kwa umeme, platinamu imekaa karibu na kilele, nayo sehemu kubwa inachimbwa Afrika Kusini na bei yake inajulikana. Utafiti mwingi wa leo ni wa kupandisha nikeli, kobalti na molibdenamu kwenye mteremko huo.

Upo pia mlango wa amonia. Haidrojeni ikiunganishwa na naitrojeni inakuwa amonia, ambayo ina haidrojeni asilimia 17.6 na ambayo, tofauti na mama yake, hukubali kuwa kimiminika kwa shinikizo la chini ya mara 10 ya hewa, kama gesi ya kupikia tuliyoanza nayo. Kichocheo cha chuma kinachoitengeneza kilipatikana baada ya Alwin Mittasch na wenzake wa kampuni ya BASF kujaribu maelfu ya michanganyiko, na kiwanda cha kwanza kilianza kazi Oppau mwaka 1913. Urea anayotia mkulima wa mahindi inatokana na njia hiyo hiyo. Ugumu umehamia kwenye kuipasua tena amonia ili haidrojeni itoke, kwa sababu hapo kichocheo kinadai joto la mamia ya nyuzi, na seli za magari haziwezi kuvumilia hata masalia madogo ya amonia.

Je, mtu wa huku anaweza kujenga maisha ya utafiti katika jambo hili? Malighafi si kikwazo: nikeli ipo Kabanga wilayani Ngara, madini adimu ambamo lanthanamu hupatikana yapo Ngualla mkoani Songwe, na makapi ya mimea hayahitaji kutajwa. Tengeru ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, yenye skuli inayoshughulika na maada, nishati, maji na mazingira. Sehemu ya fani, ile ya kukadiria kwa kompyuta nguvu ya mshiko kabla ya kugusa kemikali yoyote, inaweza kufanywa popote penye intaneti na umeme. Upande wa maabara ni mgumu zaidi. Unga wa magnesiamu uliosagwa vizuri huharibika ukionja hewa, na huweza kuwaka, kwa hiyo mtafiti huushika kwa glavu nene zilizofungwa katika sanduku la kioo lililojaa agoni, na agoni hiyo ni lazima iwe safi sana na isiishe katikati ya wiki. Kipimo cha kujaza na kutoa kinachorudiwa mara mia kadhaa huchukua majuma, na umeme ukikatika usiku wa siku ya kumi na mbili kipimo kinaanza upya.

Chombo chenyewe cha kupimia, kinachobeba jina la Mjerumani Adolf Sieverts, kwa maelezo ni rahisi: chumba cha chuma chenye ujazo unaojulikana, bomba, valvu, na kipimashinikizo, unaachia haidrojeni iingie kwenye unga na unahesabu iliyopotea kwa kutazama shinikizo linavyoshuka. Ugumu ni kwamba shinikizo hushuka pia valvu ikivuja, na hushuka chumba kikipoa kwa nyuzi mbili tatu wingu linapofunika jua dirishani, na kila upungufu wa namna hiyo huandikwa daftarini kama haidrojeni iliyohifadhiwa. Ndiyo maana mtafiti mzoefu hampi mwanafunzi mpya unga wowote kwa wiki ya kwanza. Humpa chumba kitupu, akamwambia akijaze heliamu kisha haidrojeni, apime asubuhi, apime alasiri, na amletee kiasi ambacho chumba hicho kisicho na kitu kinadai kimehifadhi.